Fundi Saa na Betri Iliyogoma Kuamka

Tulieni! Aliyesimama akae, aliyekaa asogee, na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, ama uzimalize ama uzifunge, maana habari ninayoileta haiingii masikioni mwa mtu anayetafuna. Ninakuja kuwasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe, juu ya meza yenye upana wa mikono miwili, baina ya mtu mmoja mwenye miwani na betri moja ya droni. Vita ambavyo majemedari wa kale, lau wangaliviona, wangaliweka panga zao chini na kuomba bisibisi. Mtaniuliza, wewe umeyajuaje? Nimeyajua kwa kuwa nilikuwapo. Mimi ndiye mchonga funguo, mwenye nusu ya kushoto ya duka lile. Nusu ya kulia ni ya Fundi Saa, na mpaka baina yetu ni msumari mmoja ninaotundikia koti. Asiyeniamini aondoke sasa hivi, na asihangaike na kitasa, ufunguo wake niliuchonga mimi.

Ee tupa yangu, uliyekwangua shaba na chuma kwa miaka ishirini bila kulalamika, nipe ulimi mkali, nisiruke jambo wala nisiongeze, isipokuwa pale ambapo bila kuongeza halinogi.

Basi jueni kwanza shujaa ni nani. Huyo ndiye Fundi Saa, Mpatanishi wa Mishale, Mlinzi wa Sekunde, Mwenye Kibano Kisichotetemeka. Katika ukuta wa nusu yake zilitundikwa saa za betri, nane kwa hesabu, na kwa miaka kumi na minne hazikuwahi kupishana hata kwa nukta moja. Mtaa mzima uliishi kwa ukuta ule. Mwokaji wa mikate wa ng'ambo ya barabara alitoa mikate yake jikoni kwa kuchungulia mlangoni petu, na wazazi waliochelewa kuwachukua watoto shule walipita wakiuangalia ule ukuta kwa aibu. Saa ya mwisho upande wa dirisha, ile yenye mshale mwekundu, ilikuwa ya mwalimu wake aliyemfundisha kazi. Mzee yule, siku alipoishiwa nguvu, alimwita akamkabidhi, akamwambia, "Hii usiiache isimame." Naye akajibu, "Haitasimama." Na kweli haikusimama. Akiibadilisha betri, alikuwa anaitoa ya zamani na kuingiza mpya kwa kasi ambayo mshale wenyewe haukupata nafasi ya kushtuka.

Mkewe naye si mtu wa kutajwa kwa mkato. Yeye ndiye Mkaguzi wa Mapaa, Mpekuzi wa Mabati, Mwenye Goti la Skrubu Tatu. Skrubu hizo aliwekewa hospitalini miaka miwili iliyopita, baada ya kuanguka kutoka juu ya ghala alilokuwa analikagua. Fundi Saa siku ile haipendi hata kuisikia. Niliwahi kumtajia mara moja tu, akaacha kazi, akavua miwani, akakaa anaifuta mpaka nikajuta. Tangu hapo mama huyo alinunua droni, na droni ndiyo ipandayo, yeye hubaki chini anatazama picha.

Lakini nyumba ile ilikuwa na jeraha la zamani, nalo huitwa Vita vya Pasi. Miaka kumi na mmoja nyuma, Fundi Saa alijitolea kuitengeneza pasi ya mkewe. Aliitengeneza kwa ustadi mkubwa, akaiunganisha, na pasi ikala gauni jipya la kuendea kazini, ikaacha tundu la umbo lake lenyewe. Kuanzia siku ile mama hakumruhusu mumewe aguse kitu chake chochote chenye waya. Redio ilipelekwa kwa mwingine, jiko likapelekwa kwa mwingine. "Wewe nakuamini na saa," alimwambia. "Na saa tu."

Sasa sikieni jinsi mambo yalivyoanza.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa juu wa mtaa, meusi, hayana haraka. Dukani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mama mkwe wake, aliyekaa kwenye stuli akisubiri mkanda mpya wa ngozi wa saa yake ya mkononi. Mara mlango ukafunikwa na kivuli, akaingia Mkaguzi wa Mapaa, mkoba begani, betri mbili mkononi.

"Baba Pacha," akasema, "fundi wangu wa betri amesafiri. Nimezunguka kote, hakuna. Sina mwingine, imebidi nije kwako."

Fundi Saa akasimama. Nilimwona anavyotanuka kifua. Miaka kumi na mmoja alikuwa anaingojea siku hiyo.

"Mke wangu," akanena, na sauti yake ikajaa duka, "tangu asubuhi ya ujana wetu mikono hii imekuwa tayari! Niambie adui ni nani, anakaa wapi, na ana volti ngapi!"

"Punguza sauti, Mama amekaa hapo. Sikiliza. Hii imevimba seli, ila ubao wake wa umeme mzima. Hii nyingine seli zake nzima, ila ubao umeungua. Toa seli nzima za hii, weka kwenye hii yenye ubao mzima. Basi. Nimekuandikia maelezo yote kwenye karatasi hii. Soma kabla hujagusa kitu. Umenisikia? Kabla."

"Nimesikia."

"Saa kumi kamili nataka droni iwe juu ya paa la mwokaji. Stoo yake ya unga inavuja, pembe moja imeshalowa, na hiyo mvua unaiona. Kama haiko tayari saa kumi, napanda mwenyewe."

Tukatazama nje sote. Ng'ambo ya barabara, imeegemezwa ukuta wa mwokaji, palisimama ngazi. Ilikuwa ndefu, ya mbao, ina vipago ishirini na viwili, na kimoja kilifungwa kamba.

"Nipande mimi," akasema Fundi Saa.

"Utaona nini huko juu? Wewe hujui tofauti ya bati na sinia."

"Basi apande mwokaji."

"Huyo hata kwenye stuli hapandi."

Fundi Saa akaacha hotuba, akasema kwa sauti yake ya nyumbani, "Mama Pacha, mimi sitaki upande. Siku ile nilidhani umekufa. Sitaki."

Naye akamwangalia kidogo, akamwekea betri mezani. "Basi tengeneza," akasema, akavuka barabara huku akichechemea.

Mama mkwe akauliza, "Mkanda wangu umeisha?"

"Bado kidogo, mama."

Naam! Hapo ndipo vita vilipofunguliwa. Shujaa alikunja mikono ya shati, akafuta miwani, akatafuta karatasi safi ya kuwekea skrubu, maana ndivyo alivyofundishwa: kila skrubu itolewayo ilazwe kwenye karatasi kwa mpangilio wa kutoka kwake, isije ikasahau nyumba yake. Karatasi ilikuwa karibu, akaichukua, akaigeuza upande mweupe, akailaza. Nami niliona. Wakati huo sikujua ni karatasi gani.

Akaikabili betri ya kwanza. Ganda lake lilikuwa jeusi, laini, halina skrubu wala tundu wala ufa, limefungwa kwa ndani kwa vijino visivyoonekana. Akajaribu kwa ukucha, ukucha ukakunjika. Akajaribu kwa kisu cha kufungulia migongo ya saa, kisu kikateleza kikachora meza. Akaizungushia betri macho mara tatu, akaiambia, "Ewe ngome usiye na lango, usidhani nimekuja kukubembeleza!"

"Anaongea na nani?" mama mkwe akaniuliza.

"Na betri, mama."

"Haya."

Ndipo akanigeukia. "Ndugu yangu mchonga funguo, umewafungulia watu milango ya kila aina. Leo nichongee ufunguo wa mlango usiokuwepo."

Andikeni hilo, kwa sababu baadaye walisahau. Mimi, kwa mkono huu, nilichukua ufunguo mbichi wa shaba, nikaubana kwenye jiliwa, nikaupiga tupa mpaka ukawa mwembamba unaoweza kukata jani la chai. Akauingiza kwenye mshono wa ganda, akausokota kidogo, na ganda likaachia kijino cha kwanza, tak! Kisha cha pili, kisha vyote, na ngome ikafunguka, tukaziona seli tatu zimevimba, zimejazana humo ndani mithili ya wageni waliokula wakakataa kuondoka.

Akafungua skrubu nne za ubao, ndogo mno, akazilaza kwenye karatasi. Sasa, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shujaa wetu alipoanguka, na hakuangushwa na ujinga, aliangushwa na elimu. Mwalimu wake alimfundisha amri moja kuu kuliko zote: toa nguvu kwanza. Saa yoyote, kubwa kwa ndogo, kabla hujaigusa uitoe nguvu. Amri hiyo ilikuwa kwenye damu yake. Basi akachukua mkasi akakata waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, nyaya zote, seli zote zikatoka kwa mara moja, na ubao ukabaki mikononi mwake mtupu, hauna hata tone la umeme.

"Adui amenyang'anywa silaha!" akatangaza.

Seli zilizovimba akazibeba kwa koleo, mikono ameinyoosha mbele, tumbo amelirudisha nyuma, akazizika kwenye ndoo ya mchanga nje. Akarudi, akafungua betri ya pili kwa ufunguo wangu, akazitoa seli nzima, akazishikiza kwenye ubao, chuma cha kulehemea kikatoa moshi. Katikati ya kazi kibano kikagusa nyaya mbili zisizopaswa kuguswa pamoja. Cheche! Mimi nilijikuta chini ya meza yangu. Nilikuwa natafuta ufunguo uliodondoka. Mama mkwe hakutikisika, alipeperusha tu moshi kwa mkono, akasema, "Mkanda, baba."

Ilipotimu saa tisa na dakika ishirini, kila waya ulikuwa mahali pake. Fundi Saa akapumua, akaweka kidole kwenye kitufe. Kila betri ya aina ile ina taa nne ndogo za kijani. Ukibonyeza, zinawaka kukueleza hali yake. Akabonyeza.

Giza.

Akabonyeza tena, kwa heshima. Giza. Akabonyeza kwa kuhesabu, kwa kushikilia, kwa kuotea ghafla. Akaipeleka kwenye chaja. Chaja ikaiangalia ikakataa kuitambua. Jasho likamtoka puani. Akachukua bisibisi pale kwenye karatasi aanze kufungua upya, karatasi ikanasa kwenye kidole chake chenye jasho, ikainuka, ikageuka. Na upande wa pili kulikuwa na maandishi.

Nilimwona anasoma. Midomo ilikuwa inatembea. Kisha akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe:

"Usitoe umeme wote kwa pamoja. Unganisha seli mpya kabla ya kutoa za zamani. Ubao ukikosa umeme hata kidogo unajifunga, hautawaka tena wenyewe. Najua hutasoma hapa mpaka umeharibu. Kwa hiyo: ukijifunga, fundi wa betri ananiambia kwa simu chaja haiuamshi, unataka volti kumi na mbili za kutoka nje uziguse kwenye mdomo wake wa kuchajia. Usipaniki. Mimi mkeo."

Akakaa chini. Akanena, na sasa hata hotuba yake ilikuwa imepungua kimo, "Amenijua. Ole wangu, mwanamke huyu amenijua mpaka kwenye mifupa."

"Sasa volti kumi na mbili utazitoa wapi?" nikauliza.

Akavuta droo ya betri. Zilikuwamo zile bapa za saa za mkononi, ndogo za kutosha kumeza. Zile ndefu za saa za ukutani ziliisha Jumatatu, na wakala wake haji mpaka Alhamisi. Tukatazamana. Nje, upepo ulianza kubingirisha mifuko mitupu barabarani, na mwokaji alikuwa anaitikisa ngazi kuona kama imekaa sawa.

Mama mkwe akainua macho ukutani. "Hizo saa zako," akasema, "zinatumia nini?"

Enyi mnaosikiliza, mmewahi kuona mtu akizeeka ndani ya sekunde moja? Fundi Saa alizitazama saa zake, zote zikitembea kwa hatua moja, tik, tik, tik. Kila moja ina betri moja ya volti moja na nusu. Zidisheni wenyewe. Zilitosha kamili, hazikubakisha hata moja.

"Mama," akasema, "hizi hazijawahi kusimama."

"Na mwanangu hajawahi kupanda na hilo goti," akajibu mama mkwe. Hakupandisha sauti. "Nililala naye hospitali wiki sita. Nilimwosha. Mimi sitaki kuiona ile ngazi, baba. Toa hizo betri."

Akainuka. Akasogea kwenye saa ya kwanza, mikono yote miwili, akaiteremsha, akaigeuza, akatoa betri. Mshale ukasimama saa kumi kasoro dakika kumi na tisa. Akaitundika tena mahali pake, imekufa. Akaenda ya pili. Kila moja ilimchukua dakika nzima na zaidi, kwa kuwa alikuwa anaitakia radhi, na hivyo kila moja ikafa kwa wakati wake, na zile saa ambazo hazikuwahi kupishana zikaanza kupishana pale pale mbele ya macho ya bwana wao. Duka likawa linanyamaza sauti baada ya sauti. Mimi nilizoea ule mlio kiasi kwamba sikuwa nausikia tena. Nilianza kuusikia ulipokuwa unapungua.

Ikabaki moja, yenye mshale mwekundu.

Akasimama mbele yake mikono imeshuka. Nami nikachungulia nje, nikamwona Mkaguzi wa Mapaa amefika chini ya ngazi, amefunga mkoba mgongoni, kwa mkono mmoja ameshika kipago. Nikasema, "Fundi, yuko kwenye ngazi."

"Nisamehe, mwalimu," akasema, akaitoa. Saa kumi kasoro dakika nane.

Basi duka zima halikuwa na mlio hata mmoja wa saa.

Kisha akawa mtu mwingine! Akaing'oa kalenda ukutani, akachana mwezi uliopita, akauviringisha kuwa mrija, akazitumbukiza betri nane moja nyuma ya nyingine, akafunga ncha kwa utepe na waya kila upande, na mkononi mwake ukawa mkuki mrefu kupita mkono wa mtu kutoka kiganjani hadi kiwiko. "Enyi nane!" akanguruma. "Mliotumikia sekunde kwa sekunde bila kudai sifa, leo piganeni pamoja!" Akaigusisha ncha ya mkuki kwenye mdomo wa betri ya droni.

Kitu hakikutokea. Akasogeza kidogo. Kitu hakikutokea.

"Umegeuza," akasema mama mkwe. "Hata rimoti yangu huwa nakosea hivyo."

Akaugeuza mkuki. Akagusa. Na taa ya kwanza, ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama, ikawaka. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Ya nne ikasitasita, kisha nayo ikawaka. Mimi nilipiga kelele, sioni aibu kusema.

Lakini vita havikwisha. Seli zile mpya zilikuwa nene kuliko za zamani kwa unene wa ukucha, na ganda halikuziba. Akabana kwa viganja, likaachia. Akaketi juu yake kwa uangalifu, likaachia alipoinuka. Kwa ufunguo wangu akakwangua kuta za ndani za ganda, akakata ukingo mmoja, likakaribia kufunga, ila vijino havikufika. Utepe ulikuwa umeishia kwenye mkuki. Akazungusha macho duka zima, na macho yake yakatua kwenye mkanda mpya wa ngozi, mweusi, wenye kishikizo cha chuma, uliokuwa tayari mezani unasubiri pini moja tu.

Akamtazama mama mkwe.

"Chukua," mama akasema. "Tangu asubuhi nakaa hapa. Siku moja zaidi itanifanya nini?"

Akaifunga betri kwa mkanda, akaukaza mpaka tundu la mwisho, akakimbia.

Nami nikafuata, maana bila shahidi historia ni porojo. Na huko nje ndiko nilikoona jambo la kustaajabisha kuliko yote. Mkaguzi wa Mapaa alikuwa bado amesimama chini, mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza, hajapanda. Alikuwa ameugeuzia uso mlango wetu, anautazama ukuta wa saa. Mwokaji alikuwa ubavuni mwake na unga kwenye nyusi, ameshika simu.

"Mama, saa kumi imepita," mwokaji alikuwa anasema. "Saa kumi na dakika kumi na sita hii. Ulisema saa kumi kamili. Matone yameanza, unga wangu!"

"Bado," akasema.

"Bado vipi? Tazama simu!"

"Mimi naifuata saa ya mume wangu," akasema. "Kwake haijafika saa kumi."

Hapo Fundi Saa akawasili, anahema, miwani imepanda kwenye paji la uso, akainyoosha betri kwa mikono miwili. Mkewe akaipokea, akauona mkanda. Akaibana mgongoni mwa droni. Mabawa manne yakazunguka, vumbi la unga likaruka, na droni ikapaa, imefungwa mkanda wa mama mkwe, ikapita kipago cha kumi, cha ishirini, ikapita ngazi yenyewe, ikasimama juu ya paa.

Tukainamia skrini ile ndogo wote wanne. Bati zilikuwa nzima. Misumari mizima. Kisha picha ikasogea kwenye mfereji wa maji ya mvua, na pale, katikati ya mfereji, umekwama, umevimba kwa maji, ulikuwapo mkate. Mkate mzima, na chapa ya mwokaji juu yake.

"Kunguru," akasema mwokaji, sauti haitoki.

"Maji yakijaa hapo yanarudi chini ya bati, yanaingia stoo," akasema Mkaguzi. "Hilo ndilo tatizo lako lote. Una ule mti mrefu wa kutolea mikate jikoni? Tokea dirisha la juu, sukuma."

Mwokaji akapanda ngazi za ndani, zile zenye kuta pande mbili, akautoa mti dirishani, macho ameyafumba, tukimwelekeza, kushoto, kushoto tena, sukuma sasa! Mkate ukaanguka barabarani kwa kishindo. Na mvua ikashuka saa ile ile, na maji yakatiririka mferejini yakatoka kwenye bomba yanacheka, wala tone moja halikugusa unga.

Watu waliojikinga mvua barazani wakapiga makofi. Mwokaji akatoka analia, akatangaza kwamba siku hiyo iandikwe, kwamba Fundi Saa ni Mwamshaji wa Ubao, Mshindi wa Ngome Nyeusi, Mfunga Mkanda, naye Fundi Saa akainua mkono wake kuuhutubia mtaa. Hakuna aliyemtaja mchonga funguo.

Tuliporudi ndani alianza kuzirudishia saa betri zake, moja moja. Na hapo akagundua kwamba yeye, aliyewapa watu wote wakati, hakuwa na wakati. Ilibidi amwombe mwokaji ile simu. Alizipanga saba. Alipofika kwenye ya mwalimu akaishika tu.

"Ilisimama," akamwambia mkewe. "Nilimwahidi haitasimama."

"Najua," akasema mkewe. "Niliziona zikisimama moja moja. Ya mwalimu ya mwisho."

"Uliona? Si ulimwambia mwokaji haijafika saa kumi?"

"Baba Pacha, mimi ni mke wa fundi saa miaka kumi na tisa. Unadhani sijui saa iliyosimama? Saa nane zinaonyesha nyakati nane tofauti, na wewe uko hapo unaongea na ukuta. Nikajua unakaribia. Nikangoja."

Fundi Saa akairudishia saa ya mwalimu betri yake, akaisikiliza sikioni, akaitundika.

Asubuhi ya pili, sijafungua hata kabati langu la funguo, Mkaguzi wa Mapaa aliingia amebeba mfuko. Akatoa pasi, ileile ya zamani, miaka kumi na mmoja ilikaa chini ya kitanda. Akaiweka mezani mbele ya mumewe, na juu ya pasi akaweka karatasi iliyoandikwa pande zote mbili, ili asipate upande mweupe.

"Soma kwanza," akasema, akaenda kazini.

Fundi Saa akavuta stuli karibu na mlango penye mwanga, akavaa miwani, akaisoma karatasi yote. Kisha akaigeuza, akasoma na upande wa pili.